Takwimu za udumavu zibandikwe hadi ngazi ya kata, au ni kuanika watoto wa watu?

Karani_Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Mtakumbuka matokeo ya ule utafiti wa afya wa 2022. Kitaifa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano umeshuka kutoka asilimia 34 ya 2015/16 hadi 30. Ila Iringa imefika 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa inayotulisha! Utafiti ule unaishia ngazi ya mkoa kwa kuwa ni sampuli, kaya elfu kumi na tano na ushee nchi nzima. Lakini kila zahanati inajaza MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, na kupeleka taarifa kila mwezi. Hoja yangu: kwa nini takwimu za kila kata zisiwe hadharani, mwananchi akajua kwake kukoje na akambana diwani? Karibuni.

Chumvi_ya_Bahari
Naunga mkono, ingawa jibu lenyewe halihitaji utafiti. Mahindi yapo, maharage yapo, maziwa yapo, parachichi linapanda ndege kwenda Ulaya, na mtoto kadumaa. Mama yuko kilabuni na ulanzi, pombe ya mwanzi, tangu asubuhi.

Binti_Kihesa
Kamwene, Chumvi. Na wewe ulilelewa na nani? Watoto wangapi wa Dar wamekulia mgongoni kwa dada wa kazi kutoka Iringa? Anawapikia wanenu uji wa lishe wenye karanga na dagaa, wa kwake kamwacha kijijini na bibi, anakunywa uji mweupe. Halafu unakuja hapa kututajia ulanzi.

Chumvi_ya_Bahari
Dada, nimetaja ulanzi, sijataja ukoo wako.

Mzee_Viazi
Huyu hajawahi hata kuuona ulanzi. Ni wa masika. Mvua zikianza ndiyo mwanzi unagemwa, kiangazi hupati hata kikombe. Kwa hiyo mtoto anadumaa masika tu, kiangazi anarefuka?

Fundi_Redio
Kiangazi kuna komoni, mzee wangu 😂

Mzee_Viazi
Wewe nyamaza.

Nesi_wa_Zamu
Naomba turudi kidogo. Nimefanya kazi zahanati, sitaitaja. Ubao wa kupimia urefu tulikuwa nao mmoja, ukakaa stoo. Kliniki siku ya Jumatano wanakuja akina mama sitini, mko wawili, mnapima uzito tu, mnaweka nukta kwenye kadi, anayefuata. Udumavu ni urefu kwa umri, mizani haikuambii. Na mama akishamchanja mtoto surua ya pili, ile ya miezi 18, wengi hawarudi mpaka mtoto augue. Kwa hiyo Karani, hiyo takwimu ya kata unayoitaka ni ya watoto waliokuja, si ya watoto waliopo. Ukiibandika, kata yenye uzembe itaonekana safi kuliko kata inayopima kwa bidii.

Fundi_Redio
Kumbe nesi ndiyo nyie mnaotutukania wake zetu Jumatano.

Nesi_wa_Zamu
Sijamtukana mtu. Mnafika saa nne mnataka kuondoka saa nne na robo.

Nondo_Kavu
Mimi nauliza, vipimo vyenyewe ni vya nani? Wanatulinganisha na watoto wa Kizungu. Wahehe wafupi kwa asili, mnataka wafanane na Wanorwei?

Karani_Mstaafu
Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha 2006 kimetokana na watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Waliokula vizuri na kunyonyeshwa vizuri walikua karibu sawa kote. Asili haimo humo.

Binti_Kihesa
"Wafupi kwa asili." Haya. Hatujaanza leo kupimwa na wakubwa. Fuvu la Mkwawa lenyewe, chifu wetu Wahehe, gavana Twining alilichagua kati ya mafuvu ya Bremen, Ujerumani, kwa kupima kichwa, likarudi Kalenga 1954. Tumezoea.

Nondo_Kavu
Sasa Mkwawa kaingiaje kwenye kliniki ya Jumatano?

Binti_Kihesa
Kaingia kwa mlango uliofungua wewe.

Jicho_la_Tatu
Karani, we mstaafu uwe na adabu. Si kuna sheria, ukitoa takwimu bila kibali unafungwa?

Karani_Mstaafu
Unachanganya. Marekebisho ya 2018 yalikataza kutangaza takwimu zinazopinga za serikali, na 2019 yakalegezwa. Na mimi sisemi tutunge zetu. Nasema zilizopo zifunguliwe. Mapato na matumizi ya kijiji si yanabandikwa ubaoni? Na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Utajuaje kama ile elfu imefika kwenu?

Mzee_Viazi
Mapato na matumizi ya kwetu yalibandikwa mara ya mwisho mjukuu wangu hajazaliwa. Sasa yuko darasa la tatu. Mrefu tu, tena.

Mama_Wawili
Mimi nina swali dogo. Kitongoji chetu kina watoto wa umri huo tisa. Ukiandika "watatu wamedumaa" hakuna haja ya majina, kisimani wote tutajua ni akina nani, na mama zao wataacha kwenda kliniki. Kata ya mjini sawa, ina watu wengi. Huku kwetu je?

Jicho_la_Tatu
Sheria ni sheria.

Chumvi_ya_Bahari
Binti Kihesa, nimefikiria lile la dada wa kazi. Aliyetulea sisi alitoka Mafinga. Alikuwa na mtoto, sikuwahi kumuuliza anakula nini. Nafuta neno langu la kilabuni.

Binti_Kihesa
Nimeona.

Karani_Mstaafu
Mama Wawili, hapo umenigusa. Labda kata ndogo ziunganishwe mbilimbili kwanza. Wengine mnaonaje?

Fundi_Redio
Mzee Viazi, ulanzi lita sasa hivi bei gani huko?

Mzee_Viazi
Nimeshakwambia ni wa masika.