Droni imepiga ufa karibu na mota, nitumie gundi gani? Jumamosi nina kazi

MpigapichaNkuhungu
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma mjini, napiga picha na video za shughuli. Droni yangu ni ya mota nne, bodi nyeupe ya plastiki, mikono yake haikunjwi. Jana naitoa begini nikakuta ufa kwenye mkono mmoja, karibu na mota. Mwembamba kama unywele, urefu kama sentimita mbili. Haijaanguka, haijagonga kitu, na Ijumaa ilikuwa nzima kabisa.

Swali langu ni moja tu: gundi gani inashika plastiki hii na isionekane? Jumamosi nina kazi, naombeni majibu mapema. Bodi mpya kwa sasa sijajipanga.

BodiNaRangi
Mkuu, hilo jambo dogo. Plastiki ya bampa inashonwa kwa waya wa moto, hata ya droni itashonwa. Vipini vya chuma vyenye umbo la W vinapashwa, vinazamishwa kwenye plastiki kukatisha ufa kila sentimita moja, miguu inakatwa, juu inapigwa putti, msasa, rangi. Bampa likitoka hapo linakaa miaka.

FundiPlastiki
Kaka BodiNaRangi, bampa lina unene wa kutosha na halina dira ndani yake. Ukuta wa mkono wa droni ni kama milimita mbili, waya wa moto unaufanya uwe na mawimbi, na mota ikikaa imeinama kidogo tu droni inavuta upande mmoja muda wote. Halafu kipande cha chuma karibu na dira kinaipotosha. Kwenye bodi za aina hiyo dira au antena mara nyingi imefichwa kwenye miguu, huwezi kuiona mpaka ufungue.

Mleta uzi, kabla ya gundi inabidi ujue ni plastiki gani. Fungua bodi, tazama upande wa ndani, kuna maandishi madogo yamechorwa kwenye plastiki yenyewe: ABS, PC, PC+ABS au PA. Kila moja ina dawa yake.

ABS inayeyuka kwenye asetoni, ndiyo maana inaungika vizuri kuliko zote. Unakwangua vumbi la ABS nyingine (vipande vya Lego ni ABS), unaloweka kwenye chupa ya kioo na asetoni safi mpaka iwe nzito kama asali, unajaza ufa kwa kijiti. Plastiki inakuwa kitu kimoja. Acha saa 24 bila kuigusa.

PC ni polikabonati. Hii usiisogezee asetoni hata kwa bahati mbaya. Inageuka nyeupe na kupasuka vipasuko vidogo vidogo vingi, unatoka na ufa mmoja unaingia na ishirini. Mchanganyiko wa PC+ABS utendee kama PC.

PA ni nailoni, gundi nyingi zinabanduka. Huko mkono unabadilishwa.

Ukishaona maandishi rudi hapa. Na weka picha.

MdauWaHombolo
Na vumbi mnalisahau. Kwetu huku kwenye mashamba ya zabibu droni inatua chini kwenye vumbi, mchanga mwembamba unaingia kwenye mota, beringi zinaanza kusaga, mota inatetemeka, na mtetemo huo unakwenda moja kwa moja kwenye plastiki. Tandika turubai la mita moja kwa mita moja, weka jiwe kila kona, ruka na utue hapo. Propela yenye jino hata la milimita moja kwenye ukingo itupe, kwa sababu uzito wake hauko sawa tena na inapiga mkono mara maelfu kwa dakika. Nyufa nyingi za uchovu zinaanzia kwenye propela mbovu, bila droni kuanguka hata siku moja.

Kingine ambacho watu hawakijui: dawa ya kupaka ya mbu. Ile yenye DEET inalainisha na kula plastiki. Umejipaka mikononi, unashika droni kwenye mkono wake kuikamata ikitua, baada ya wiki unaona alama za vidole zimebaki kwenye plastiki kama zimechongwa. Nawa kwa sabuni kwanza.

DadaMakole
Kazi ya Jumamosi ni ya nini, kaka? Kama ni shamba tupu, sawa. Kama ni watu, jibu la gundi lina uzito mwingine.

MpigapichaNkuhungu
Nashukuru wakuu. Dada Makole, ni harusi, lakini nitaruka juu juu tu wakati maharusi wanashuka kwenye gari, dakika tano haziishi. Nimeshapokea nusu ya hela na wameshaambiwa kuna droni.

Fundi, picha hizi hapa. Maandishi ni PC+ABS. Ufa upo pia kwenye mota ya nyuma kulia na ya mbele kushoto, ila hiyo ya mwisho ni mfupi sana. Nilitaja mmoja kwa sababu ndio unaoonekana.

Kwa kuongezea tu, ule mrefu nimeshautia supa gluu jana usiku. Umeshika vizuri. Nilichokuwa nataka ni kitu cha kuufunika.

Kidume_Area_C
Hii ni chai. Kwanza ufa mmoja, sasa nyufa tatu. Droni haijaanguka, imelala begini, imeamka imepasuka mota tatu kwa mpigo? Plastiki haina tabia hiyo. Halafu tangu mwanzo anauliza gundi "isiyoonekana". Mtu anayetengeneza chombo chake ili akitumie anauliza uimara. Anayeuliza kisionekane anakiuza. Ndugu zangu, kuna mtu hapa Dodoma atauziwa droni ya nyufa wiki hii, na sisi ndio tunafundisha namna ya kuzificha.

BodiNaRangi
Hata mimi nimeanza kusita. Bampa halipasuki gari likiwa limepaki.

MpigapichaNkuhungu
Sina mpango wa kuuza! Sitaki ionekane kwa sababu mteja akiona droni imebandikwa gundi atanionaje? Nimesema ukweli, haijaanguka. Mkitaka niape nitaapa.

FundiPlastiki
Subirini. Picha ya pili ikuzeni muitazame vizuri. Ufa hauanzi ukingoni mwa mkono, unaanza kwenye tundu la skrubu ya mota na kwenda nje. Mota ya nyuma kulia ni vilevile, tundu la skrubu. Na ya mbele kushoto pia. Droni iliyoanguka inapasuka pale ilipogonga au mkono unapojiunga na bodi, na haichagui matundu ya skrubu mota tatu. Huyu inawezekana anasema kweli, ila hajasema yote.

Mleta uzi, swali moja, na ujibu hilo tu: kati ya Ijumaa na jana ulizigusa skrubu za mota? Na kama ulizigusa, uliweka kitu gani?

MpigapichaNkuhungu
Nilizikaza tu, mota moja ilikuwa inacheza.

FundiPlastiki
Ulizikaza kavu?

MpigapichaNkuhungu
Niliweka ile gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee. Tone moja kila skrubu, mota zote nne ili zilingane. Ni kitu cha kawaida, skrubu za kiwandani zenyewe zilikuja na kitu cha bluu kwenye meno. Sioni inahusiana vipi na ufa.

FundiPlastiki
Inahusiana kwa asilimia zote. Nitaeleza polepole, wengine pia wapate kujua.

Gundi ya bluu ya skrubu imetengenezwa kukauka mahali penye masharti mawili: hakuna hewa, na kuna chuma. Ndani ya nati ya chuma inakauka vizuri. Lakini tone likizidi linatambaa kwenye shina la skrubu, linafika kwenye plastiki inayobanwa na kichwa cha skrubu. Hapo kuna hewa na hakuna chuma cha kutosha, kwa hiyo linabaki maji, siku hadi siku. Na maji hayo ni adui wa polikabonati na ABS. Yanajipenyeza kwenye plastiki iliyo kwenye mkazo na kuipasua kutoka ndani. Hakuna haja ya kuanguka. Wewe ulikuwa umeshakaza skrubu, mkazo ukawepo, maji yakawepo, kilichobaki ni usiku mmoja.

Za kiwandani zinakuja na gundi iliyokwisha kukauka kama rangi kwenye meno, haitambai. Na ile inafanya kazi mara moja tu. Ukifungua, unaweka skrubu mpya za namna hiyo.

Kidume, ndiyo maana hadithi yake ilionekana ya kutunga. Ukiondoa lile tone, kweli haielezeki.

Kidume_Area_C
Nimekuelewa fundi. Mkuu wa Nkuhungu, naomba radhi kwa kukuita muuzaji. Lakini lile tone ungelitaja tangu mwanzo.

MpigapichaNkuhungu
Imekwisha hiyo. Basi nifanyeje ili Jumamosi iruke? Supa gluu imeshashika, nimejaribu kuukunja mkono kwa vidole hauachii.

FundiPlastiki
Vidole havipimi mtetemo. Supa gluu ikikauka ni ngumu kama kioo: inavumilia kuvutwa, haivumilii kutikiswa. Na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na kwenye kioo cha kamera. Kama hukuivua kamera ulipokuwa unabandika, kaitazame lenzi sasa hivi.

Kutengeneza kunawezekana, kwa matumizi ya mahali pasipo na watu. Fanya hivi. Vua propela na betri, fungua bodi, toa mota zote nne. Skrubu zisafishe meno kwa brashi. Matundu yafute kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Petroli hapana, tina hapana, dawa ya kutoa rangi ya kucha hapana, nyingi zina asetoni. Supa gluu ya zamani ikwangue kwa wembe, usiiyeyushe.

Kisha zima taa, washa tochi ya simu ndani ya mkono. Ufa utauona kama mstari unaong'aa, na utashangaa, kwa sababu mwisho wake uko mbali kuliko jicho lilivyoona mchana. Pale mstari unapoishia, mbele kidogo, toboa kishimo cha milimita moja kwa keekee ya mkono. Ncha ya ufa ni kali, nguvu zote zinakusanyika hapo; kishimo kinaifanya iwe mviringo na ufa unakosa pa kuendelea. Wengi wanaruka hatua hii, na ufa unaendelea chini ya gundi.

Ndani sugua kwa msasa namba 220, sentimita mbili kila upande wa ufa. Gundi tumia epoksi ya mirija miwili, ile ya taratibu ya dakika 30. Ya dakika tano ni dhaifu zaidi. Pima nusu kwa nusu, koroga dakika mbili nzima. Laza vipande viwili vya kitambaa chembamba cha faibaglasi, kimoja juu ya kingine, vinywe gundi kisha kamua ya ziada, maana uzito unaozidi kwenye mkono mmoja mota yake ndiyo inaubeba. Faiba nyeusi ya kaboni usitumie, inapitisha umeme na inaziba mawimbi ya antena. Acha saa 24 kivulini.

Mota rudisha na skrubu za urefu uleule. Ikizidi milimita moja inaweza kugusa waya wa shaba ndani ya mota na kuiunguza. Kaza kwa bisibisi ndogo ukiishika kwa vidole vitatu, skrubu ikigota simama.

Jaribu kwanza bila propela, kiganja chako juu ya bodi, usikie kama kuna mtetemo tofauti. Halafu na propela, mita moja na nusu kutoka chini, dakika tano, shusha, rudi na tochi.

Lakini una nyufa mota tatu, na ya nne ina gundi ileile, ni suala la muda. Kwa bodi hiyo nisingejisumbua na epoksi. Badilisha bodi yote.

DadaMakole
Na Jumamosi iache. Droni ya mota nne mkono mmoja ukiachia haitui, inajizungusha na kudondoka. Hiyo ina zaidi ya kilo moja, na chini ni maharusi, wazee na watoto wanaokimbilia gari. Dakika tano ulizosema ndizo dakika zenye watu wengi kuliko zote. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, unacho? Uwanja wa ndege uko hapa hapa mjini.

MpigapichaNkuhungu
Kibali kipo. Ila dada, hela ya watu nimeshaitumia kulipia taa.

DadaMakole
Hela inalipika kaka yangu. Wapigie leo, siyo Ijumaa. Waambie droni ina hitilafu, wachague: upunguze bei, au ukodi droni ya mwenzako na rubani wake kwa gharama yako.

MdauWaHombolo
Kamera ya chini ukiipandisha kwenye fimbo ya mita tatu unapata maharusi wakishuka garini vizuri tu. Kwa umbali huo watu wachache watajua tofauti.

MpigapichaNkuhungu
Wakuu nimerudi, nimefungua usiku huu. Lenzi ina ukungu pembeni, kama fundi alivyosema. Nilipotoa skrubu ya mota ya mbele kulia, ile ambayo haina ufa, nimeingiza ncha ya karatasi kwenye tundu. Imetoka bluu. Ni maji kabisa, wala haijaanza kukauka. Na tochi imeonyesha mstari wa kama milimita nne ambao sikuwa nimeuona.

Mteja nimeshampigia, nimekodi droni ya jamaa wa mtaa wa Kisasa. Bodi naagiza. Naona nyaya za mota zimelehemiwa, nianzie wapi?

FundiPlastiki
Pole, na umefanya vizuri kufungua. Usiwashe pasi ya kulehemu kwanza. Kila mota ina nyaya tatu. Piga picha kila kona, kisha kila waya ufunge karatasi yenye namba ya mota na nafasi yake. Nyaya mbili zikibadilishana mota inazunguka kinyume, na utaligundua hilo droni ikipinduka sekunde ya kwanza. Toa mota moja, ihamishe kwenye bodi mpya, ndipo uende ya pili. Na ile chupa ya bluu iondoe kabisa kwenye boksi la vifaa vya droni.