Ushauri: Golden retriever kwa familia yenye watoto wadogo, Njiro

MkeWaDereva
Wakuu, habari za jioni. Baba watoto ni dereva wa utalii. Juzi kati alibeba wageni wa Marekani, huko porini wakamwonyesha picha za mbwa wao, golden retriever, amelala na mtoto mchanga kwenye zulia. Tangu arudi wimbo ni huo. Tunaishi Njiro, Arusha, kwetu wenyewe, fensi ipo, uwanja si mkubwa. Watoto wawili, wa miaka 8 na wa miaka 4. Mimi nashinda dukani, nyumbani anabaki dada wa kazi, na dada anaogopa mbwa hata akiwa kafungwa. Mzee anataka mbwa wa kucheza na watoto mchana, usiku alinde, maana msimu wa wageni ukianza Juni nyumbani anaonekana kwa nadra. Kuna mtu Usa River anauza vitoto, kimoja bei ya ndama wa maziwa. Tuchukue au tuache? Mliofuga nipeni muongozo, matusi hapana.

Kipara wa Ngulelo
Kulinda?? Mwizi akiruka ukuta huyo atamletea ndala avae.

BabaG_Sakina
Kipara anatania ila ndio ukweli wenyewe. Mimi ninaye, dume. Hawa asili yao ni Scotland, kwenye shamba la Lord Tweedmouth, ambaye mwaka 1868 alipandisha retriever wa njano na spanieli wa majini. Alitaka mbwa wa kumfuata ndege aliyepigwa risasi, hata akiangukia mtoni, amrudishe mkononi bila kumtoboa. Kwa hiyo kilichotafutwa ni mdomo laini na kupenda watu. Ukali hakuna aliyeuhitaji. Wangu geti likigongwa anabweka vizuri tu. Likifunguliwa, anamkaribisha yeyote aliyegonga.

Kwa watoto sina ubaya wa kumsemea, isipokuwa miaka miwili ya mwanzo. Dume anafika kilo 30 na zaidi huku akili bado ya kitoto, huyo wako wa miaka 4 ataangushwa kila siku kwa mapenzi. Na kila kitu kinaingia mdomoni: soksi, daftari la shule, rimoti. Ukimpa kazi ya kubeba vitu anatulia. Asipopata kama saa nzima ya kutembea na kukimbia kila siku, kazi anajitafutia mwenyewe, na hutaipenda.

Halafu manyoya. Dada yangu, manyoya! Yako ya tabaka mbili na yanapukutika mwaka mzima, kuna vipindi unafagia asubuhi, mchana unafagia tena. Masika ndio usiseme, tumbo na miguu vinarudi na tope lote la Sakina. Swali langu kwako ni moja: mzee akiwa Serengeti na wewe uko dukani, nani anatembea naye? Huyu si mbwa wa kuachwa bandani mpaka jioni, upweke unamharibu tabia.

Ummu_Kaloleni
Mwingine wa kufikiria ni jirani. Sisi wengine mate ya mbwa yakitugusa ni kujitwaharisha upya, na huyu mnayemsifia anaramba kila anayepita. Mkimleta, geti lifungwe jamani.

Daktari wa Ng'ombe
Natibu na mbwa pia, jina lisiwachanganye. Kinachoniletea golden mezani mara nyingi ni kupe. Wanajificha kwenye yale manyoya, lazima umpekue kwa vidole: masikioni, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Ukiona hali chakula, ufizi umepauka, mkojo mwekundu, usingoje kesho. Dawa ya kupe ni ya mwaka mzima, si ya masika tu. Masikio myakaushe kila akioga. Na msimnyoe kwa sababu ya joto, yale manyoya yanamkinga na jua pia. Mtembezeni alfajiri au jua likizama, mchana apate kivuli na maji. Arusha ana nafuu, Moshi ya Januari na Februari inamtesa.

Kwa muuzaji: kitoto kisitoke kwa mama kabla ya wiki 8, na huyo mama mwone kwa macho yako, anavyotembea na tabia zake. Uliza nyonga za wazazi, ukoo huu unasumbuliwa nazo, tena akinenepa ndio zinazidi. Saratani nayo inawaondoa wengi. Kwa kawaida wanaishi miaka 10 hadi 12. Chanjo ya kichaa anaanza na miezi mitatu, kisha kila mwaka, hiyo haina mjadala.

Mangi wa Rau
Hela ya ndama kwa mbwa asiyelinda! Chukua kienyeji wawili, jike na dume, wape ugali na dagaa, wachanje, usiku fungulia. Watoto wetu Moshi wamekua nao na hakuna aliyelalamika.

MkeWaDereva
Asanteni. Nimesahau kusema, huyu mdogo ana pumu. Mzee kasikia kuna mbwa wasioleta shida hiyo.

Daktari wa Ng'ombe
Hilo ungeanza nalo, mama. Kinachosumbua ni mba na mate, manyoya yanabeba tu, kwa hiyo hakuna mbwa asiye navyo, na huyu anapukutisha kuliko wengi. Zungumza na daktari anayemtibu mtoto, kisha mtoto akae na golden wa mtu mwingine, zaidi ya mara moja, ndani ya nyumba. Muuzaji asiwaharakishe. Ulinzi mtafutieni taa na mlinzi.

BabaG_Sakina
Mleteni kwangu, wangu anaingia mpaka sebuleni.

MkeWaDereva
Nimemsomea mzee yote. Ya ndala amecheka, ya pumu kanyamaza. Usa River nimewaambia wasituwekee. Jumamosi tunakuja Sakina, mtoto na dawa yake ya kuvuta, na dada naye nambeba tuone atafika wapi.

BabaG_Sakina
Karibuni saa kumi, jua likipungua. Dada akae nyuma yangu, mbwa nitamshika kamba mwenyewe. Na msivae nguo nyeusi.