Osaka na familia ya watu sita: sushi ya mkanda, teishoku, udon au okonomiyaki? Kipi kizuri kwa bei nafuu

Mgeni_wa_Namba
Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kulinganisha. Ugeni ni babu na bibi, watu wazima wawili, na watoto wawili, wa miaka 5 na 9. Siku sita Osaka, hoteli iko Namba (eneo la katikati ya mji). Bibi ana magoti, akikaa chini kuinuka ni kazi. Babu hali samaki mbichi. Nguruwe hakuna anayekula. Bajeti ni yen 1,000 hadi 1,300 kwa kichwa kwa mlo. Nimebaki na machaguo manne: sushi ya mkanda, yaani sahani huletwa mezani kwa mkanda (Kura Sushi au Sushiro), migahawa ya teishoku (seti ya mlo kwenye sinia), udon (tambi nene za ngano) za mgahawa wa Marugame Seimen, na okonomiyaki (chapati nene ya kabichi ya kuchoma kwenye bamba) kwa kuwa ndicho chakula cha mji. Tuanze na kipi, na kipi tukiache?

Bi_Kisonzo
Karibu. Kwa familia yenye watoto na wazee, mimi naipa sushi ya mkanda nafasi ya kwanza, na sababu kubwa si sushi, ni meza. Meza za kawaida pale ni benchi mbili zinazotazamana, watu sita wanaenea, bibi anakaa kwenye benchi la kimo cha kiti. Mlangoni kuna skrini: bonyeza idadi ya watu wazima, kisha watoto, kisha uchague meza (テーブル) badala ya kaunta (カウンター). Ukikosea ukabonyeza chaguo la "popote" mnaweza kupangwa kaunta, sita mstari mmoja, na watoto hamtawaweza.

Gharama: sahani ya chini kabisa ni kama yen 120 hadi 150 kutegemea tawi, na matawi ya katikati ya mji ndiyo ya bei ya juu. Hesabu watu wazima wanne sahani 8 kila mmoja na watoto sahani 4 kila mmoja, jumla 40. Kwa wastani wa yen 150 ni 6,000, ongeza vya pembeni 1,200. Mmo ndani ya bajeti.

Babu asiyekula mbichi hatalala njaa. Kuna yai (tamago), kamba aliyechemshwa (ebi), mkunga wa kuchoma (unagi au anago), tuna ya kopo na mayonezi, mahindi, viazi vya kukaanga na bakuli za udon. Neno la kujihadhari nalo ni "aburi", samaki aliyepitishwa moto juu, ila ndani bado mbichi, kwa hiyo babu alijue hilo kabla hajauma. Wasabi huletwa pembeni, watoto hawana cha kuogopa.

Kitu kimoja nakisisitiza: pale mezani kuna bomba dogo lenye kitufe cheusi. Wageni hudhani ni la kunawia mikono. Ni maji ya moto ya chai! Ukisukuma kitufe kwa kidole maji yanamwagika juu ya mkono wako. Kikombe ndicho kinachosukuma kitufe. Weka kijiko kidogo cha unga wa chai ya kijani kwanza, halafu kandamiza kikombe. Mtoto wa miaka 5 akae upande wa njia, mbali na bomba.

Kijiko_cha_Mti
Dada Kisonzo yuko sahihi kuhusu meza, lakini kaacha foleni. Jumamosi na Jumapili jioni kusubiri saa nzima ni kawaida, na mtoto mwenye njaa hasubiri. Weka nafasi kupitia programu ya simu ya mgahawa wenyewe, au nendeni siku ya kazi saa 11 jioni, kabla wenyeji hawajatoka maofisini. Kwa Kura, watoto watafurahia tundu la sahani pembeni mwa meza: kila sahani tupu 5 zikiingia, skrini inacheza mchezo mfupi wa bahati na huenda kizawadi kikadondoka. Angalieni tu watu wazima wasiendelee kuagiza kwa ajili ya mchezo wakati wameshashiba, ndipo bajeti inapotoboka.

Shamsi_Bara
Mimi nabishana na nyie wawili. Kwa babu huyu, chaguo la kwanza ni teishoku. Ni sinia ya mtu mmoja: wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), kachumbari ya kusindika na kitoweo kimoja. Yayoiken na Ootoya wanazo, na vijimgahawa vya mtaani vyenye neno 定食 mlangoni. Kwa Yayoiken samaki wa kuchoma kwa chumvi ni kama yen 900 hadi 1,000, na matawi mengi yanakuruhusu kujiongezea wali bure.

Mwagizieni "saba shioyaki". Neno saba ni rahisi kwetu kukumbuka, ni kama namba yetu, na samaki mwenyewe ni jamii ya vibua. Analetwa nusu ya samaki, ngozi imebabuka na kumeta mafuta, pembeni kilima kidogo cha figili nyeupe iliyokwanguliwa. Mfupa mkubwa mara nyingi umeshatolewa, ila kuna mstari wa miba midogo katikati ya minofu. Pasua kwa urefu pale pale katikati, miba inatoka kwa mstari mmoja, kisha mpe mtoto. Figili inakatiza mafuta, msiiache.

Tahadhari mbili. "Saba misoni" ni samaki yule yule lakini amepikwa kwa miso, na kwa kawaida huwa na pombe ya mchele. Ya pili ni supu: baadhi ya seti huja na "tonjiru" (豚汁) badala ya miso ya kawaida, na hiyo ina vipande vya nguruwe. Ukiona herufi 豚 popote kwenye menyu, ruka.

Na wazee waambiwe mapema kwamba wali wa Kijapani haupikwi kwa chumvi, mafuta wala nazi. Unanata na ni mweupe tupu, kazi ya chumvi inafanywa na samaki. Asiyejua atasema wamesahau.

MwanaMvita
Swali la nguruwe lina njia bora kuliko kukisia kwa herufi. Migahawa mikubwa yenye matawi huweka kwenye tovuti jedwali la vizio (アレルゲン). Yaani vyakula vinavyoweza kuleta mzio. Japani kuna ambavyo kuvitaja ni lazima kisheria kwenye vyakula vya pakiti (wakiwemo kamba, kaa, ngano, soba, yai, maziwa, karanga na jozi) na vingine vinavyopendekezwa tu, na nyama ya nguruwe imo kwenye hivyo vinavyopendekezwa. Kampuni nyingi za migahawa zinafuata orodha hiyo hiyo nzima. Fungua jedwali, tafuta safu ya 豚肉, shuka nayo: penye duara au alama, kuna nguruwe, hata kama imejificha kwenye mchuzi au unga wa supu. Mfanye usiku hotelini, si mkiwa mmesimama mlangoni na watoto wanalia.

Jedwali halisemi kitu kuhusu pombe wala uchinjaji. Kwa hiyo naomba tusimdanganye ndugu yetu kwamba gyudon (bakuli la wali na nyama ya ng'ombe) za Sukiya, Yoshinoya au Matsuya zinafaa kwa sababu tu ni ng'ombe. Ni nafuu kweli, bakuli la kawaida kama yen 450 hadi 500, lakini mchuzi wake kwa kawaida una mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) au mvinyo. Kari ya kawaida ya CoCo Ichibanya nayo mchuzi wake una nguruwe, hata ukiagiza ya mboga juu. Uliza kama tawi lina mchuzi wa mboga, huo ni tofauti.

Kama wazee wanataka nyama ya halali kabisa, ziko njia mbili. Kuna msikiti wa Osaka, Nishiyodogawa, karibu na kituo cha Chibune cha reli ya Hanshin, na vyakula vya halali vinapatikana jirani. Au mtenge siku moja ya Kobe: treni ya haraka ya Hanshin kutoka Osaka-Namba inafika Kobe-Sannomiya bila kubadilisha, na kutoka hapo mnatembea hadi Msikiti wa Kobe, wa kwanza Japani, uliofunguliwa 1935. Mitaa inayouzunguka ina migahawa na maduka ya halali. Safari na chakula vinakuwa kitu kimoja.

Kijiko_cha_Mti
Niingize udon, maana hakuna aliyeigusa. Kwa bei ndiyo inayoshinda zote. Kake udon (udon ndani ya supu ya moto) ya Marugame ukubwa wa "nami", yaani wa kawaida, ni kama yen 420, tempura (kipande kilichokaangwa kwa unga) moja kama 180. Watu wazima wanne kwa bakuli na tempura mbili kila mmoja ni 3,120, watoto wawili bakuli tupu 840. Familia nzima yen 3,960.

Utaratibu: chukua sinia, mwambie wa kwanza aina ya udon na ukubwa, pokea bakuli, sogea kwenye tempura ujichukulie kwa koleo, lipa mwisho wa mstari. Vitunguu vya majani na chenga za tempura hujiwekea bure baada ya kulipa. Wageni hukwama pale mwanzo: wanasimama kusoma menyu mbele ya mpishi na foleni yote inasimama nyuma yao. Chagueni mkiwa bado mlangoni. Tempura nayo, anza na moja. Kakiage, ile ya vitunguu iliyokaangwa kama kichuguu, inajaza mtu mzima peke yake.

Kasoro: sinia yenye bakuli la supu ya moto anabeba mwenyewe, na bibi mwenye magoti hafai kubeba. Mtu mzima mmoja apite mara mbili. Msiende kati ya saa 6 na saa 7 mchana.

Bi_Kisonzo
Okonomiyaki sasa. Mle mara moja, msiache, Osaka bila hiyo haijakamilika. Ila ndiyo inayohitaji kuuliza zaidi. Ya kawaida, "butatama", ina nguruwe. Agizeni "ikatama" (ngisi) au "ebitama" (kamba), na muulize kama bamba linapakwa mafuta ya nguruwe: "rādo wa tsukaimasu ka?" Wakisema ndiyo, waombeni mafuta ya mimea au muondoke. Bei ni kama yen 900 hadi 1,300, na moja kwa watu wawili pamoja na yakisoba (tambi za kukaanga, ombeni isiyo na nguruwe) inatosha.

Bamba la chuma liko katikati ya meza na linabaki la moto hadi mwisho. Mtoto wa miaka 5 akae kona, mikono yake isifike. Na ulizeni kiti kabla ya kuingia: "isu no seki" ni kiti cha kawaida. Wakisema "zashiki" ni kukaa kwenye mkeka, bibi hapana. "Horigotatsu" inaonekana kama mkeka lakini ina shimo la miguu chini ya meza. Kukaa ni raha, kuinuka bado kunahitaji mkono wa mtu.

Msikae kwenye njia kuu ya Dotonbori, mtaa wa watalii karibu na Namba. Pandeni treni hadi Tenjinbashisuji, mtaa wa maduka wenye paa, urefu wake kama kilomita 2.6, bei ni za wenyeji.

Shamsi_Bara
Kwa chakula cha mchana siku za kazi ongezeni migahawa ya vyumba vya chini vya majengo ya Osaka Ekimae, namba 1 hadi 4, eneo la Umeda. Wafanyakazi wa ofisini ndio wateja, kwa hiyo seti za mchana ni nafuu. Fikeni saa 5 asubuhi, saa yao 11:00. Wengi hufunga Jumapili, na vyumba ni vidogo, sita mtagawanywa tatu tatu. Mkichelewa kupita saa 8 mchana mtakuta pazia la mlangoni limeshushwa, jioni wanafungua saa 11.

Kwa izakaya (baa za Kijapani zinazouza na chakula), jueni kuna "otoshi": kisahani kidogo kinachokuja bila kuagizwa na kinalipiwa kwa kila kichwa, mara nyingi yen 300 hadi 500. Kwa watu sita inafika 3,000 kabla hamjala. Hapo si pa familia hii.

Mgeni_wa_Namba
Nimewaelewa, asanteni sana. Nimepanga: siku ya kwanza udon, ya pili teishoku, ya tatu Kobe, ya nne sushi saa 11 jioni siku ya kazi, ya tano okonomiyaki Tenjinbashisuji. Siku ya sita tutakuwa tumechoka, kuna kitu cha kubeba hotelini? Na hizi mashine za tiketi za chakula mlangoni mwa baadhi ya migahawa zinalipwaje?

MwanaMvita
Siku ya sita nendeni chini ya duka kubwa la Takashimaya pale pale Namba, ghorofa ya vyakula. Karibu na kufunga, kuanzia kama saa 1 usiku, wanabandika vibandiko kwenye mabakuli: 割引 ni punguzo, 半額 ni nusu bei. Kodi ya chakula cha kubeba ni asilimia 8, cha kulia mgahawani ni 10. Ukiona bei mbili kwenye kibao, 税込 ndiyo utakayolipa.

Mashine: ingiza pesa kwanza, vitufe vinawaka, bonyeza chakula, chukua tiketi, vuta kishikio cha chenji kama hairudi yenyewe, mpe mhudumu tiketi. Nyingi zinapokea noti za 1,000 na sarafu tu, kwa hiyo vunjeni noti ya 10,000 dukani asubuhi. Na noti mpya zilizotoka 3 Julai 2024 baadhi ya mashine za zamani huzitema. Ikitoka, msiilazimishe, mwonyesheni mhudumu, atawabadilishia kwa noti ya zamani kwenye kaunta.