C ya mfereji: caldo na kalt ni ndugu?

MkaaziKizingo: Waungwana, mifereji ya bafu iliyoletwa kutoka Italia ina herufi C na F. Mgeni Mwingereza hufungua C akitaka maji baridi, yakamtokea ya moto. Je, caldo (moto) ya Kiitaliano na kalt (baridi) ya Kijerumani ni neno moja lililogeuka maana? Na mifereji yenyewe niiwekeeje alama?

Mfasiri_Tononoka: Hazina udugu wowote. Caldo ni calidus ya Kilatini. Watu walishaimeza ile i zamani, hata orodha ya masahihisho iitwayo Appendix Probi yawakanya: "calida non calda", yaani sema calida, si calda. Wafaransa wakaifanya chaud.

Kalt ina mzizi wa kuganda, sawa na cold ya Kiingereza na koud ya Kiholanzi. Ushahidi umo kwenye herufi. C ya Kilatini huku kwa Wajerumani na Waingereza hutoka h: cornu, pembe, ni horn, centum, mia, ni hundred. Caldus angekuwa na ndugu huko, angeanza na h. K yao hulingana na g: genu, goti, ni Knie. Kwa hivyo nduguye kalt ni gelu, jalidi, mzizi uliozaa gelato. Mwitaliano anayelamba aiskrimu ndiye aliye karibu na kalt.

FundiBomba_Likoni: Mimi nasema herufi usizitegemee. C na F ni moto na baridi kwa Waitaliano, Wafaransa na Wahispania. Mreno huandika Q, quente. Mjerumani W na K. Weka kidoto chekundu na cha buluu, moto ukae kushoto. Kosa kubwa ni fundi kuona C akaunganisha paipu ya baridi. Kabla ya kupiga vigae washa hita, fungua upande mmoja mmoja hadi maji yabadilike. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Mfasiri_Tononoka: Nimesahau Wahispania: kwao caldo ni mchuzi wa supu, moto wasema caliente. Brazil nako caldo de cana ni maji ya miwa, na hunywewa na barafu!

MkaaziKizingo: Shukran. Basi mgeni akisema "ho caldo"?

Mfasiri_Tononoka: Anahisi joto, muwashie feni. Lakini wewe usijibu "sono caldo", hiyo ni lugha ya chumbani.