Namba 4,294,967,297: 641 ilipatikanaje?

Mpendahesabu:
Ndugu zangu, namba ninayoiulizia ni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, kisha ukajumlisha 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kuwa namba zote za mfuatano wa 3, 5, 17, 257, 65,537 na kuendelea ni tasa. Lakini mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa hii ya sita hugawanyika kwa 641. Nimeigawanya mwenyewe nikapata 6,700,417 bila baki. Ninachoomba kuelewa ni jinsi mtu asiye na kikokotoo angeifikia 641 bila kuzijaribu namba tasa 115 zinazoitangulia.

Witiri:
Hakuhitaji kuzijaribu zote. Chukua kigawo tasa chochote cha namba hiyo, ukiite p. Ukigawanya kwa p, 2 kwa kipeo cha 32 hubakiza −1 (yaani imepungua 1 tu ili igawanyike kamili), kwa hiyo kipeo cha 64 hubakiza 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachobakiza 1. Kwa kuwa kipeo cha p − 1 nacho lazima kibakize 1, 64 haina budi kuigawa p − 1 kikamilifu. Basi zinazostahili kujaribiwa ni namba tasa zinazozidi kigawe cha 64 kwa 1 tu: 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Mpendahesabu:
Nashukuru sana. Na 6,700,417, je, ni tasa?

Witiri:
Ndiyo. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kanuni ileile inakuachia namba 40 tu za kuchunguza, ambazo nyingi si tasa.

Kipeuo:
Naomba kuongeza njia ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu haihitaji hata kukijua kigawo. Namba tasa ikiweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, huandikwa kwa namna moja pekee, ukiacha kubadilisha mpangilio. Namba yetu ni mraba wa 65,536 ukijumlisha mraba wa 1, jambo linaloonekana wazi kutokana na umbo lake. Lakini pia ni mraba wa 62,264 ukijumlisha mraba wa 20,449. Namna hizo mbili zinatosha kuthibitisha kuwa si tasa. Chanzo chake ni vigawo vyenyewe: 641 ni mraba wa 25 na wa 4, na 6,700,417 ni mraba wa 2,556 na wa 409, hivyo kuzidisha jumla hizo mbili huzaa namna zote mbili.

Mpendahesabu:
Nimehakiki kwa kalamu: 3,876,805,696 na 418,161,601 hutoa 4,294,967,297 kamili.