Mrejesho: Mama ameshafika Edmonton

Habari zenu ndugu zangu. Mwaka jana niliomba ushauri nifanyeje ili mama, mjane wa miaka 71 aliyekuwa akiishi peke yake Muheza, aje kukaa nami Kanada. Wengi mlinisihi nisikae kusubiri udhamini wa ukaazi wa kudumu, maana ule ulikuwa wa bahati nasibu, bali niombe Super Visa, yaani viza ya Kanada ya mzazi kuja kumtembelea mwanawe kwa muda mrefu. Nilifanya hivyo, na alhamdulillahi amefika.

Viza hii inamruhusu mzazi kukaa hadi miaka 5 kila anapoingia, na yenyewe inaweza kudumu hadi miaka 10. Ila si ukaazi, mlijue hilo mapema. Barua ya mwaliko na uthibitisho wa kipato changu havikunisumbua. Kilichoniumiza ni bima ya afya: iwe ya mwaka mzima, isiyopungua dola 100,000 za Kanada, tena uwe umeshaanza kuilipia, makadirio ya bei tu hayapokelewi. Mama ana presha, kwa hiyo bei ilipanda. Tafadhali someni vizuri masharti ya maradhi ya zamani kabla hamjalipa.

Nisilolitarajia ni alama za vidole. Jembe la miaka 40 limevisugua vidole vya mama, mashine ikamkataa mara tatu. Akafuta mikono kwa kanga, akabonyeza tena, ikakubali. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, nilidhani nimekukosesha." Nililia.

Sasa yuko dirishani, ananiuliza theluji itayeyuka lini apande mchicha. Asanteni sana.