MJADALA: Gemu lisilokupa maamuzi kwenye stori ni gemu kweli, au tunauziwa filamu yenye vitufe?

Wakuu habari za muda huu. Kuna ubishi ambao kila likitoka gemu jipya la stori unafufuka, na kila mara unaishia matusi, leo naomba tuukalie vizuri. Kuna wanaosema gemu ambalo mchezaji hana uamuzi wowote kwenye stori si gemu, ni filamu imewekewa vitufe ili ujione na wewe umo. Kuna wanaosema hata hayo yanayojitangaza ni ya maamuzi ni fiksi tu, unachagua weee mwishowe wote mnafikia pale pale. Halafu kuna wale wa "hiyo si RPG" (yaani gemu la kuigiza mhusika), "hilo ni gemu la kutembea tu", hao wamejiajiri wenyewe kama maofisa wa forodha, kila gemu linalopita lazima wakague mzigo.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu. Mchezaji akinyimwa uamuzi anavumilia, kinachomuwasha ni kuahidiwa halafu akanyimwa. Na jina la aina ya gemu nalo ni ahadi, ndiyo maana kwangu mabishano haya mawili ni ubishi mmoja. (Tahadhari, nataja nani anakufa na nani anabaki kwenye magemu ya miaka mingi, kama hadi leo hujayacheza hilo si langu.)

Chukueni The Walking Dead ya studio ya Telltale, ile ya 2012. Linapowaka tu unaandikiwa kwenye skrini kwamba stori itajirekebisha kulingana na maamuzi yako. Episodi ya kwanza mnavamiwa na mazombi kwenye duka la dawa, Doug anavutwa huku, Carley amebanwa kule, una sekunde chache, mmoja unamwokoa mwingine analiwa. Mikono inatoka jasho kabisa. Sasa ngoja ufike episodi ya tatu, yule uliyemwokoa, awe nani, anapigwa risasi na Lilly, mwenzenu wa kundi, kando ya barabara gari likiwa limesimama, basi, hesabu imesawazishwa. Ukicheza mara moja huwezi kujua, ukirudia ndiyo unaona ulipigwa kamba.

Linganisha na Final Fantasy VII (FF7) ya 1997. Aerith, mmoja wa timu yako, anauawa. Hata umpandishe levo mpaka 99, hata begi lijae dawa za kufufua ambazo kwenye mapigano unazitumia kila saa, anakufa na hakuna aliyekuuliza maoni. Watu walilia, wengine walihangaika kutafuta njia ya siri ya kumrudisha, ila sijakutana na mtu anayesema alitapeliwa. Gemu halikuwahi kumwambia kwamba maisha ya Aerith yako mikononi mwake.

Na Mass Effect ndiyo kesi kubwa kuliko zote. Magemu matatu kuanzia 2007, sevu (kumbukumbu ya ulipofikia na ulichofanya) unaihamisha kutoka la kwanza hadi la tatu, mtu aliyefia la kwanza huko mbele hayupo, watu wakaishi humo miaka wakijenga stori yao. Machi 2012 la tatu linatoka, unafika mwisho unapewa njia tatu, na video zake zinafanana kiasi kwamba watu walizitofautisha kwa rangi, nyekundu, bluu, kijani. Kelele zilizopigwa zikafanya watengenezaji wake, BioWare, watoe nyongeza ya bure ya kuufafanua huo mwisho mwezi wa sita mwaka huo huo.

Kiufundi wala si siri kwa nini inakuwa hivi. Ukiweka uamuzi wa njia mbili, na kila njia ukaiacha iende zake isikutane tena na mwenzake, kufikia uamuzi wa kumi una njia 1,024. Wa ishirini umevuka milioni. Kila njia inataka mwandishi, inataka waigizaji warekodi sauti, inataka watu wa kupita humo kusaka makosa, halafu mchezaji ataona moja tu, akipenda sana mbili. Hakuna studio inaweza kulipia hiyo. Kwa hiyo njia zinaachanishwa kidogo kisha zinarudishwa zikutane mbele, na gemu linatunza kumbukumbu ya ulichofanya ili mtu aje akurushie neno baadaye. Mimi sina neno na hilo, fanyeni, ila msinitangazie kwamba stori ni yangu.

Sasa majina. FF7 inaitwa RPG na stori yake ina njia moja. Disco Elysium ya 2019 nayo inaitwa RPG, haina mfumo wa mapigano kabisa, ni maongezi mwanzo mwisho, una stadi 24 na zenyewe zinakusemesha kichwani, na ukimjenga mpelelezi wako mwili dhaifu anaweza kufa dakika za mwanzo kabisa kwa kujaribu kuchukua tai yake iliyonasa kwenye feni. Hizi mbili zinafanana wapi? Jina lenyewe limetokea kwenye michezo ya mezani, Dungeons & Dragons ya 1974, ambako kuna binadamu anayeongoza, ukimwambia unataka kung'oa mlango wa mfalme ukauuze anakuna kichwa lakini anakujibu. Kompyuta inajibu kilichoandikwa tu. Basi waliohamisha ule mchezo kwenye kompyuta kila mmoja alibeba kipande chake, huyu kabeba namba na levo, yule kabeba uhuru wa kuongea na kuamua, na mashabiki wa kila kipande wanadai wao ndio wenye jina.

Haya karibuni, ila tujibu hoja.

---

Mkuu umeandika vizuri ila umewafungulia watengenezaji mlango wa nyuma. Kwa hoja yako mtu akikaa kimya tu, asiahidi chochote, basi hana kosa hata akinipa korido ndefu na video za kutazama. The Last of Us ya 2013, mwishoni pale hospitali, unaingia chumba cha upasuaji daktari ameshika kisu amesimama mbele ya Ellie, yule binti uliyekuwa unamlinda safari nzima. Mimi sikutaka kumuua yule daktari. Nikasimama, nikazunguka chumba, nikasubiri labda kuna kitu kitatokea, hamna, gemu linakusubiri wewe ufanye ndiyo liendelee. Kama uamuzi ni wa Joel, mhusika ninayemwongoza, si wangu, basi niwekee video nitazame nikiwa nimeegemea, pedi ya kuchezea ya nini?

Na usiseme haiwezekani kwa sababu ya gharama, maana waliotaka wameweza. Witcher 3, ile kazi ya roho iliyofungwa chini ya mti. Ukiiachia, wale watoto yatima wa kule kwenye kinamasi wanapona, lakini mke wa Baron, bwana mkubwa wa eneo lile, anakufa na Baron mwenyewe unakuja kumkuta amejinyonga kwenye mti uani kwake. Ukiiua, mke anabaki hai akili zimeruka, Baron anaondoka naye kumtafutia mganga, na watoto huwaoni tena. Hakuna jibu zuri, na matokeo hayaji pale pale, yanakuja ukiwa umeshafanya mambo mengine mengi, kwa hiyo huwezi kurudisha sevu ya dakika tano nyuma. Hiyo ndiyo heshima kwa mchezaji. Hayo mengine ni uvivu umevalishwa suti.

---

Umegusa sevu hapo juu na mimi naona ndiyo mzizi wa yote, maana maamuzi gani unayoweza kuyafuta? Nusu ya watu wanaojisifu walimaliza gemu la Detroit: Become Human na kila mtu yuko hai walikuwa wanarudia sura hadi itoke wanavyotaka, na gemu lenyewe linakusaidia, ukimaliza sura linakuchorea mchoro wa njia zote na zile ambazo hukupita zimefungwa, sasa si ndiyo unarudi kuzifungua, stori inageuka orodha ya kazi. Gemu ninaloliheshimu kwa hili ni Undertale ya 2015. Ukimuua Toriel, yule anayekulea mwanzoni, roho ikakuuma, ukarudi kwenye sevu ukamwacha hai, baadaye kidogo Flowey, lile ua linaloongea, anakutolea uvivu kabisa, anajua ulichofanya na anajua umerudi kukifuta. Mimi nilitupa pedi.

---

Narudi mwenye uzi. Ndugu wa hospitali, swali lako la pedi ya nini nalichukua kwa uzito kwa sababu ndilo lenyewe.

Nakupa mfano mmoja. What Remains of Edith Finch ya 2017, ndilo lililochukua tuzo ya gemu bora ya BAFTA ya Uingereza 2018, na humo huchagui kitu cha kubadilisha stori, ni ile ile kwa kila anayecheza. Kuna sehemu ya Lewis, kijana anayefanya kazi kiwanda cha samaki. Kijiti cha kulia cha pedi ni mkono wake, unamvuta samaki, unampeleka kwenye kisu kichwa kinakatika, unamrusha juu kwenye mkanda, samaki mwingine anateleza. Unafanya hivyo mpaka mkono umezoea. Halafu Lewis anaanza kuota mchana, kwenye kona ya skrini kinatokea kijitu kidogo kwenye njia nyembamba, na hicho unakiongoza kwa kijiti cha kushoto, huku samaki wa kulia hawajasimama. Ile ndoto inakua, njia inakuwa mji, mji unakuwa ufalme, inafunika skrini nzima, na wewe unashtuka kwamba mkono wako wa kulia bado unakata vichwa bila kuangalia. Mwisho wake siusemi, ila ukifika pale kwenye ngazi za kuvikwa taji utajua unakwenda kufanya nini na utasukuma kijiti hivyo hivyo.

Sasa niambie, hiyo ningewekewa video ningeelewa nini? Ningeelewa kwamba Lewis alichoshwa na kazi, sentensi moja imekwisha. Nilichopata ni kwamba akili yangu mwenyewe ilimwacha samaki ikaenda ndotoni. Hapo sikuamua hatima yake na bado bila mimi haitokei. Hospitali ya Joel naisoma hivyo hivyo, wewe ulizunguka chumba ukitafuta mlango ambao haupo, mtazamaji wa filamu hazunguki chumba. Sikulazimishi uipende. Hata mimi kuna magemu yanayonisukumia dhambi halafu yananihubiria, Spec Ops ya 2012 mojawapo, unalazimishwa kumwaga fosforasi juu ya watu, hakuna njia nyingine ya kusonga mbele, kisha unatembezwa katikati ya maiti za raia kana kwamba ulikuwa na uchaguzi. Pale nipo na wewe mia kwa mia.

---

Kaka zangu mnapanda juu sana, shukeni kwenye hela kidogo. Hili neno "gemu la kutembea" halikuanza kama jina la aina, lilikuwa kejeli, Dear Esther ilipigwa nalo, Gone Home ya 2013 ikapigwa nalo, na nyuma ya kejeli kuna mtu anayesema nimelipa halafu imeisha kwa saa mbili. Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, wanakurudishia pesa kama umecheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14. Gemu la kupiga risasi halina shida na hiyo. Gemu la stori fupi, mtu anaweza kulimaliza, akalia, akafuta machozi, akaomba pesa yake. Bado hujaweka wanaotazama wengine wakicheza mtandaoni. Walioitengeneza That Dragon, Cancer, ile ya 2016 ya wazazi na mtoto wao mgonjwa, waliandika wazi kwamba watu wengi walitazama stori nzima kwenye video bila kununua. Kwa hiyo mtengenezaji akibandika maamuzi feki kwenye stori yake fupi mimi namwelewa, anatafuta sababu ya wewe kucheza mwenyewe na kurudia.

---

Sawa, hiyo ya samaki nakupa mkuu, nimeicheza na ni kweli. Lakini angalia, ile sehemu ni fupi na waliibuni mkono kwa mkono na stori. Wewe unaitumia kutetea magemu ya saa ishirini ambayo kitufe kazi yake ni kusogeza mhusika hadi kwenye video inayofuata. Moja kwa mia halitetei mia.

Pendekezo langu ni rahisi. Kwenye Steam kuna alama wanabandika, kwamba maamuzi yana uzito, na wachezaji wenyewe nao wanaruhusiwa kubandika, matokeo yake iko kila mahali haina maana tena. Waandike vizuri: maamuzi yanabadilisha maongezi tu, au yanabadilisha nani anaishi, au yanabadilisha mwisho. Mtu ananunua anajua. Si ulisema tatizo ni ahadi? Basi ahadi iandikwe.

---

Hapo mnaua mnachokipenda jamani. Telltale wangeandika nje ya boksi "maamuzi yanabadilisha maongezi tu", nani angetoka jasho kwa ajili ya Doug na Carley? Ile kamba ndiyo iliyofanya sekunde zile ziume. Mwenye uzi mwenyewe amekiri mikono ilitoka jasho.

---

Ilitoka, sikatai. Lakini mimi kule dukani sikuwa nafikiria yale maandishi ya mwanzo, nilikuwa naona watu wawili na sekunde zinaisha. Wafute ile sentensi ya mwanzo tu, wasiandike chochote nje ya boksi, wala kwenye trela wasinidanganye, na pale dukani waache kama palivyo. Mtu bado atamshika mmoja wao mkono na kumwacha mwingine, na akifika episodi ya tatu ataumia kwa sababu ya Lilly, hatakuwa na cha kumdai Telltale. Anayeona bila ile sentensi asingejali, aseme ni kipi hasa kwenye lile duka kingepungua.